Kosa la Kusema Pole

Ukimwuliza Mbithi wa Komarock alikosea wapi, hatakuambia ni barabarani. Barabarani alikosea, naam, na hakuwahi kubisha. Mvua ya El Niño ilikuwa imeigeuza Juja Road kuwa mto, shimo likajificha chini ya maji, yeye akalikwepa akiwa amechelewa, na pikapu yake kuukuu ya Datsun ikapanda ukingo na kumgonga Khadro, mama wa watu aliyekuwa amesimama zake kando, vitambaa vyake vya kuuza begani, akingoja mvua ipungue. Mguu ukavunjika mahali pawili chini ya goti. Polisi wakaja, wakapima, wakaandika kwamba kosa ni la dereva. Mbithi akasema ndiyo, ni langu. Mwanamume mzima angesema nini tena?

Lakini bima alikuwa nayo. Huo ulikuwa mwaka wa saba anailipia bila kuruka hata mmoja, na kibandiko kilikuwa pale pale kwenye kioo. Gari likigonga mtu, bima humtibu aliyegongwa. Ndivyo alivyoambiwa siku ya kuinunua, tena kwa tabasamu na soda baridi.

Basi Jumapili ya kwanza baada ya ajali, Mbithi na mkewe Nthoki wakafanya linalofanywa na mtu yeyote aliyelelewa akaleleka. Walimchukua Mzee Muoki wa kanisani kwao awe msemaji, maana huendi kuomba radhi peke yako kama mtu asiye na wenyewe. Wakabeba sukari, unga na maziwa, wakaenda Eastleigh nyumbani kwa Khadro. Mzee Dubow, kaka yake, aliwapokea mlangoni akawakalisha.

"Mtoto wetu amewaumiza," alianza Mzee Muoki. "Hatukuja kujitetea. Tumekuja kusema pole."

Mbithi akainuka mwenyewe, akamgeukia Khadro. "Mama Zakariye, kosa ni langu. Nisamehe."

Khadro, mguu wake wenye plasta ukiwa juu ya mto, alimwelekezea kiti kwa mkono. Kisha akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Keti unywe chai."

Mzee Dubow akaomba dua, Mzee Muoki naye akaomba ya kwake, na chai ya iliki ikanywewa. Tangu siku hiyo kila Jumapili Mbithi alipitia kumjulia hali, na Khadro akazoea kumwita Baba Kasiva, kwa jina la bintiye, kama jirani wa miaka. Nthoki alisema hata moyo wake ulikuwa umetulia.

Wiki ya tatu akaja Munyao. Kijana mtanashati, tai shingoni, ametumwa na kampuni ya bima kuchunguza habari za ajali. Aliwasalimu kwa Kikamba, akamwita Nthoki mama. Alipakuliwa muthokoi na maharagwe, akala, akaongezwa, akakwangua sahani. Halafu, akijifuta mdomo, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Na yule mama aliyeumia, mlienda kumwona?"

"Tulienda!" Nthoki alikaribia kukasirika. "Kwani sisi ni wanyama?" Akamweleza yote, Mzee Muoki, sukari, maneno ya Mbithi neno kwa neno. Munyao akaandika yote, akashukuru kwa chakula, akaenda.

Barua ikafika baada ya siku kumi. Kampuni inasikitika. Kampuni haitalipa chochote. Mwenye bima alikiri kosa mbele ya aliyeumia bila idhini ya kampuni, kinyume cha sharti la tano. Mbithi aliisoma mara tatu akidhani Kiingereza chake ndicho kilichomponyoka. Wapi! Kiingereza kilikuwa sawasawa. Uoza ndio uliokuwa ndani yake.

"Ngai!" Nthoki alisema. "Yaani amekula muthokoi wangu, akaenda kutuuza nao?"

Na mambo hayakungoja. Mfupa wa Khadro ulikuwa umeanza kuunga vibaya. Daktari alisema ni lazima apasuliwe kabla ya mwezi kwisha, atiwe chuma, na baada ya miaka miwili apasuliwe tena kitolewe. La sivyo ataburuta mguu mpaka kaburini. Na huyu ni mwanamke anayekula kwa miguu yake, anayezunguka mlango kwa mlango, Buruburu hadi Kayole, marobota ya kitambaa begani. Mshahara wa Mbithi wa ukarani wa ghala haukutosha hata kulipia kitanda, na pikapu ilikuwa chuma chakavu.

Akaenda mjini, kwenye ofisi za bima, akaketi tangu asubuhi mpaka saa saba. Aliyempokea ni Kitonga, mkubwa wa madai, kitambi safi, pete kidoleni.

"Ndugu yangu," Kitonga alisema, "polisi wakisema kosa ni lako, hiyo si neno. Wewe mwenyewe ukisema, umetuharibia."

"Nilimwambia mgonjwa. Sikuwaambia nyinyi."

"Ungenyamaza."

"Ninyamaze vipi na mguu nimeuvunja mimi?"

Kitonga akacheka kidogo, akaufunga mlango. "Sikiza. Wewe ni mtu wa kwetu, nitakuokoa. Andika karatasi nyingine. Sema Munyao alikuelewa vibaya. Sema hujawahi kufika kwa huyo mama, humjui, hujasema naye hata neno. Faili itasonga, atatibiwa mara zote mbili. Ila usionekane naye. Si nyumbani, si barabarani, mpaka faili ifungwe. Tuna watu wetu huko mtaani. Siku watakayowaona mkisalimiana, tunasimamisha kila kitu."

Mbithi alihisi mate yakimjaa kinywani. Angeombwa chai, afadhali! Mwizi wa kawaida unamjua, unamlaani, unalala. Lakini huyu hakutaka hata shilingi. Alitaka mtu aukane utu wake kwa mwandiko wake, kisha amshukuru. Mbithi aliinuka akatoka bila kuaga, na pale nje kwenye ngazi akatema mate, liwalo na liwe.

Jioni ile Zakariye, mwana wa Khadro, alimkuta nyumbani Komarock. Mbithi akamweleza yote, akitazamia wakasirike pamoja. Zakariye aliinamisha kichwa.

"Andika, Baba Kasiva."

"Wewe! Niandike kwamba simjui mama yako?"

"Usiku analia, akidhani tumelala. Andika. Mimi sitamwambia. Nikimwambia, atakataa kutibiwa."

Nthoki alitazama ukutani. Hakuna aliyemlaumu kijana. Mama ni mama. Asubuhi Mbithi akarudi mjini, akaandika kwa mkono wake: Simjui. Sikufika kwake. Sijasema naye. Kitonga akampa mkono, na Mbithi, Mungu amsamehe, akaupokea. Alipotoka aliusugua kwenye suruali njia nzima.

Jumapili ile hakwenda Eastleigh. Wala iliyofuata. Khadro alitiwa chuma, akapona vizuri, naye akawa anamwuliza mwanawe kila wiki, "Baba Kasiva ana nini? Nimemkosea?" Zakariye akawa anajibu, kazi nyingi, mama.

Agosti iliyofuata, Mbithi alikuwa sokoni Gikomba akitafuta viatu vya Kasiva vya shule. Akamwona kabla hajaonwa: Khadro, robota begani, anatembea. Anatembea wima, mguu umenyooka, hatua ya mtu mwenye shughuli zake. Furaha ikamjaa, na mkono wake ukaanza kuinuka wenyewe.

Akakumbuka chuma bado kimo ndani, na faili haijafungwa.

"Baba Kasiva!" Khadro alikuwa amemwona. "Baba Kasiva! Niangalie, natembea!"

Mbithi akageukia rundo la viatu, akashika kimoja, hata saizi hakuitazama.

"Ni mtu wangu yule," alimsikia akimweleza mwuza nguo, kwa sauti ya kujivunia. "Ndiye aliyenigonga, lakini alikuja kwangu kuniomba radhi kiungwana, na wazee wake. Hajasikia tu. Baba Kasiva!"

Watu waligeuka kumtazama. Mwenye viatu akamgusa bega. "Mzee, si unaitwa wewe?"

"Hapana," Mbithi alisema. "Simjui."

Akakiweka kiatu chini, akaondoka kwa haraka kuelekea mtoni, na sauti ikimwita nyuma yake.