Bapa la Shemeji

Kivuli kiliangukia jiliwa la kubania vyuma, na fundi akajua kuna mtu mlangoni. Hakugeuka papo hapo. Alimalizia kupitisha tupa, akapuliza unga wa chuma, akajifuta mikono kwenye aproni iliyokuwa chafu kuliko mikono yenyewe, ndipo akageuka taratibu, kama mtu aliyeisikia hodi kitambo akaamua kuiweka kiporo. Hodi yenyewe hakuisikia. Lakini hiyo ilikuwa siri yake, na aliitunza vizuri kuliko alivyotunza vifaa vyake.

Aliyesimama mlangoni alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mkata miti mwenye mabega ya kubebea magogo na uso usiojua kuficha kitu. Kwapani alibana kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Alikuwa hajakanyaga karakana hii tangu dada yake afungashe nguo zake na kwenda kuishi kwa dada yao mkubwa, upande wa pili wa mji. Watu wawili wanaopendana kama ndugu walikuwa wamepitisha msimu mzima wakikwepana barabarani kama wadaiwa.

Shemeji hakusalimu, au labda alikwisha salimu mara nyingi kwenye mgongo wa fundi. Aliweka mzigo mezani, akafungua gunia. Ndani mlikuwa na bapa la msumeno wa injini, ule ulimi mrefu wa chuma ambao cheni huzunguka juu yake ikila mti. Hili lilikuwa limeteseka. Ukingo wake mmoja ulikuwa umelika na kuota makapi ya chuma yenye makali ya wembe, mfereji wa kupitishia cheni ulikuwa umepanuka, na karibu na ncha chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu, rangi ya chuma kilichoungua kwa kukosa oili.

Fundi alipitisha kidole gumba kwenye ukingo mzima ule mwingine. Ulikuwa mpya kabisa. Akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli, kwa maana alikuwa mtu wa kuonea huruma vyuma.

"Shemeji, hujawahi kuligeuza hili," alisema. "Kila ukibadilisha cheni unaligeuza, ukingo wa juu unakuwa wa chini. Nimekwambia tangu unaanza kazi. Sasa upande mmoja umebeba kila kitu peke yake."

Shemeji alijibu neno huku akitazama dari. Fundi aliona kidevu kikicheza tu, hakuona midomo. Akaitikia kwa kichwa.

Mji mzima ulimwita Fundi Sikio. Jina alilipata ujanani, enzi alizoweza kusimama kando ya msumeno unaonguruma, akainamisha kichwa kidogo, akasema plagi imechoka au kabureta inakunywa hewa, wakafungua na kukuta hivyo hivyo. Wakata miti walishuka na misumeno yao kutoka msituni ili isikilizwe tu. Na misumeno hiyo hiyo ndiyo iliyomla. Kwanza walipotea ndege, akadhani wamehama. Ikafuata saa ya ukutani, akadhani imekufa, akaibadilishia betri bure. Mwisho sauti za watu nazo zikaondoka, moja moja, nyembamba zikitangulia. Hakumwambia yeyote. Fundi Sikio awe kiziwi? Mji ungecheka mpaka ukae chini.

Kwa hiyo akatangaza kwamba injini ni kazi ya vijana, na kwamba yeye sasa ni mtu wa mabapa. Injini hupiga kelele, alisema, ila uhai wa msumeno uko kwenye bapa. Wakamsifu kwa hekima hiyo. Ukweli ni kwamba bapa halihitaji sikio. Unalisimamisha juu ya kioo uone kama kingo ziko sawa, unalipapasa, unaubana mfereji uliopanuka kwa nyundo ndogo, unanyoosha kingo kwa tupa, unazibua tundu la oili, unatia grisi kwenye gurudumu la ncha. Macho na vidole basi. Mabapa yaliyopita mikononi mwake yaliishi kuliko misumeno yalimofungwa.

Kwa upande wa watu, alijifunza kusoma midomo, na pale iliposhindikana alijifunza kuitikia. Ukiitikia na kutabasamu kidogo, watu huondoka wameridhika. Waliobaki na mashaka walisema fundi siku hizi ana maringo, ukimsalimu anakupita kama nguzo. Maringo aliyakubali. Ni kasoro ya watu wenye jina.

Mkewe ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mazuri, mtu wa kuhadithia jinsi alivyonunua nyanya mpaka ukatamani ungekuwapo. Akihadithia huku akikoroga chungu, mgongo kwa mumewe, hapati jibu. Akiuliza jambo taa ikiwa hafifu, hapati jibu. Mwishowe akapunguza. Fundi aliona midomo yake ikifunga siku baada ya siku, akajiambia kwamba uzee unawatuliza wote wawili. Halafu siku moja alirudi nyumbani akakuta kabati tupu upande wake. Alitaka kumfuata. Lakini kumfuata kulimaanisha kikao, wazee wameketi duara, huyu anasema kutoka kulia na yule anadakia kutoka kushoto, naye katikati akizungusha kichwa kama kuku. Aliogopa kikao kuliko alivyoogopa kitanda kitupu. Akakaa kimya, na kimya chake kikasomwa kama jibu.

Sasa alilibana bapa kwenye jiliwa, akaanza kuondoa makapi ya ukingoni. Shemeji hakuondoka. Alizunguka meza, akasimama mbele yake, mwanga ukimpiga usoni, na safari hii fundi aliiona midomo barabara.

"Sikuja kwa ajili ya hiki chuma," alisema shemeji. "Chuma ningenunua kingine. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, maana dada ametueleza juzi, nimeshindwa kulala. Mtu unaishi naye miaka yote ile, anakufuata kazini kwako, anakuuliza, na wewe unamjibu vile?"

Fundi alisimamisha tupa. "Aliniuliza nini?"

"Usijifanye."

"Shemeji, aliniuliza nini?"

"Umenichoka?"

Fundi aliikazia macho midomo ile. "Lirudie," alisema. "Polepole."

Shemeji alidhani anadhihakiwa, mishipa ya shingo ikamsimama. "Umenichoka! Dada alisimama hapa hapa, kuna mteja anajaribu msumeno wake juu ya meza, unanguruma, akakuuliza, mume wangu, umenichoka? Ukaitikia. Ukacheka. Ukamwonyesha mlango."

Fundi aligeuza shingo, akautazama mlango. Pembeni mwa fremu yake palikuwa na msumari mrefu, na kwenye msumari zilining'inia cheni zilizokwisha kuchongwa meno, zikisubiri wenyewe. Siku zote zilining'inia pale.

Akaikumbuka siku ile. Mteja alikuwa ameacha cheni asubuhi, mtu wa haraka na matusi, na mkewe alipotokea fundi aliamini ametumwa aulizie. Wateja walimtuma sana, kwa kuwa waliona haya kumsumbua mzee mwenye maringo. Alimwona akisimama karibu mno, macho yamelowa, na akaulaumu moshi wa injini. Aliiona midomo ikisema neno, neno aliloulizwa kila siku ya Mungu katika meza ile: umeichonga? Naye alikuwa ameichonga, tena vizuri, kila jino na mwenzake. Akaitikia kwa fahari. Akatabasamu. Akamwonyesha ilipo, pale msumarini, akairudia kazi yake.

Umenichoka. Umeichonga. Aliyatamka yote mawili bila sauti, akiisikiliza midomo yake mwenyewe kwa vidole. Yalipita mahali pamoja.

Akakaa kwenye kigoda. Majuto yalimjia yote kwa mkupuo, na hayakuwa ya siku ile tu. Yalikuwa ya kila jioni aliyoketi mezani akijifanya anawaza kazi, ya kila swali aliloliacha likifia hewani, wakati neno moja tu la ukweli lingetosha. Alikuwa amelilinda jina la sikio, na nyuma ya jina hilo mwanamke alikuwa akisema peke yake.

"Shemeji," alisema, "mimi sisikii."

Shemeji alicheka kwa ukali. "Hilo najua. Hata dada anasema hivyo hivyo, husikii la mtu. Ukiambiwa hivi unafanya vile."

"Si hivyo."

"Ni hivyo! Wewe ni mbishi tangu—"

"Masikio yamekufa," fundi alisema, na kwa kuwa hakuijua tena sauti yake labda alipiga kelele, maana shemeji alirudi nyuma. "Yamekufa yote. Hapa ninakusoma mdomo. Ukigeuka umepotea. Siku ile nilidhani ananiuliza kama cheni nimeichonga."

Ilichukua muda kuingia. Fundi aliutazama uso ule usioficha kitu ukipita hasira, ukapita kutoamini, ukasimama mahali pengine. Shemeji alilitazama bapa kwenye jiliwa, kisha mabapa mengine yaliyopangwa ukutani, kisha rafu ya vipuri vya injini iliyoota vumbi.

"Ndiyo maana uliacha injini," alisema.

"Ndiyo maana."

Shemeji aliivua kofia, akaishika kama mtu aliyefika msibani. Aliuliza kwa nini hakusema, angalau kwake yeye, na fundi akasema aliona haya. Kufika kesho kambi zote za msituni zingekuwa zimeipata habari, shemeji hakuumbwa na kufuli mdomoni. Jina lilikuwa limekwisha. Cha ajabu ni kwamba halikumuuma, au lilimuuma kama jino lililong'olewa, pahala pake tu.

Alisimama akaelekea mlangoni. Shemeji akamshika bega, akamgeuza ili amwone, akauliza kama bapa lingekuwa tayari jioni, halafu mwenyewe akaona haya akasema liache, liache tu. Fundi aliliacha. Lilikuwa bapa la kwanza maishani mwake kubaki jiliwani ukingo wake umesafishwa nusu na nusu bado.

Nyumba ya dada mkubwa wa mkewe ilikuwa na chumba cha mbele kilichogeuzwa duka la ushonaji. Mlango ulikuwa wazi. Mkewe aliketi kwenye cherehani, miguu ikikanyaga, kitambaa cha sare za shule kikipita chini ya sindano, na fundi akakaa kidogo kizingitini akimtazama kabla hajaonwa. Alikuwa amekonda mashavuni. Ila midomo ilikuwa inachezacheza. Alikuwa akimsimulia mtu jambo, na fundi alipochungulia hakuona mtu. Alikuwa anaisimulia cherehani.

Aliinua macho. Miguu ikasimama.

Fundi alikuwa amejipangia maneno njia nzima, na yote yakamtoka kichwani. Alisema kwa haraka, aproni imejaa grisi, mikono inaning'inia. Alisema kwamba masikio yake yamekufa, si jana, ni zamani, ndege wakitangulia. Alisema kwamba hakuwahi kumchoka hata siku moja, kwamba siku zote alikuwa akimtazama mdomoni kwa sababu ndiko alikobaki akimpata. Akasimama, pumzi imemwishia.

Mkewe hakusogea. Aliutafuta uso wa mumewe kama mtu anayetafuta mshono ulioachia. Kisha akasema, akilivuta neno moja moja, na fundi akajua kwamba anamjaribu, na pia kwamba ameanza kumwamini, kwa sababu kwa mara ya kwanza alisema akimwelekea kabisa.

"Sasa siku ile, pale kwako, wewe ulisikia nini?"

"Sikusikia. Niliona."

"Uliona nini?"

"Umeichonga," alisema fundi. "Ile cheni. Nilidhani unauliza, umeichonga? Nikakwambia ndiyo. Nikakuonyesha msumarini."

Alimwona akilijaribu neno lile, midomo ikilipita mara moja, ikirudi kupita lile jingine. Halafu mkono uliruka na sare ya mtoto ndani yake, ukaziba mdomo. Kichwa kikainama juu ya cherehani. Mabega yakaanza kutikisika.

Fundi alipiga hatua moja akasita. Machozi aliyaona, yakidondokea kitambaa, lakini hayakumwambia kitu. Mwanamke huyu tangu usichana wake alikuwa akicheka mpaka analia. Zamani angejua kwa sauti tu, hata akiwa chumba cha pili. Sasa alikuwa na mabega peke yake, na mabega yalipanda na kushuka, na yangeweza kuwa ya furaha, na yangeweza kuwa ya mtu anayelilia msimu mzima uliopotea kwa herufi chache, na mlango bado ulikuwa wazi nyuma yake.

"Mama," alimwita.

Mkono ulibaki mdomoni. Akasimama pale pale, macho kwenye vidole vile vilivyoshika sare, akisubiri vishuke.