Upande wa Mto

Tangu Ijumaa mti ule ulikuwa umemkaa Bwana Miti sikioni. Akinywa chai, anausikia. Akilala, anausikia. Mkewe alikuwa akimwita mara tatu ndipo anashtuka, "Eeh? Umesemaje?"

Jina la Bwana Miti alipewa na wakwe zake, na hawakumpa kwa kumkebehi. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kugonga miti ya mji kwa nyundo ya mbao na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito, fupi. Uliooza ndani hulia kama debe tupu. Mzima anaupaka mstari wa chokaa nyeupe, mbovu anaupaka rangi nyekundu, wakataji wanakuja nyuma yake. Hakuna anayerudia kuukagua. Neno lake ndilo la mwisho.

Ijumaa jioni, katika bustani ya kale kando ya mto, aligonga mti wa mwisho mara tatu. Mara mbili ulijibu vizuri. Mara ya tatu, hata hakujua aelezeje, haukujibu sawasawa. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma na nyumbani ni mbali. Akapaka nyeupe, akaenda zake. Haraka haraka haina baraka, alilijua hilo tangu utotoni, ila mtu akichoka methali hazimsaidii kitu.

Sasa leo Jumapili mama mkwe anatimiza miaka sabini, na ukoo mzima umeamua kwenda kupunga upepo. Wapi? Bustani ile ile.

"Si twende kwingine?" alijaribu kusema asubuhi. "Kule jua kali."

"Jua kali kwenye miti yako mwenyewe?" Mkewe alicheka, akainua kitambaa cha kapu la chakula, kicheko kikakatika. "Na hii nyundo je? Unakwenda kula au kugonga?"

"Basi tu."

"Basi tu ndiyo nini?"

Alilibeba kapu mwenyewe mpaka kituoni na njia nzima hakulishusha chini.

Wakoloni walioijenga bustani ile walijipendelea kweli kweli. Wameondoka zamani, lakini kibanda chao cha bendi kingalipo, na jukwaa la mawe aliposimama gavana wao wa shaba mpaka siku alipong'olewa, sasa watoto wanapanda na kuruka. Kando ya mto walipanda miti thelathini na mmoja, mstari umenyooka, wakaweka uzio wa chuma kati yake na njia. Ng'ambo ya uzio, nyuma ya miti, kuna baraza ndefu ya mawe juu ya maji. Hapo walikaa wao na wake zao kutazama mto. Mwenyeji hakuruhusiwa kuvuka, hata mtunza bustani alinyoosha mkono tu akiwa huku njiani. Siku hizi lango liko wazi, anavuka anayetaka, na wanaovuka wanautazama mto. Hakuna anayeutazama mti.

Mama mkwe alipoingia bustanini aliiangalia miti yote, akachagua ule ule wa Ijumaa. Matawi ya mti ule yalivuka uzio yakafunika njia kwa kivuli kizito.

"Wekeni kiti changu hapa," alisema. "Huu mkwe wangu kaupitisha juzi tu, chokaa hata haijafifia."

Bwana Miti alilishusha kapu. Alitazama juu. Tawi nene lilipita moja kwa moja juu ya kilemba cha yule mama.

"Mama, si tusogee kule kwenye kivuli zaidi?"

"Kivuli nacho kina zaidi na pungufu? Kaa ule, baba. Unanizunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Watu wakacheka. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Sahani yake hakuigusa. Akisema, atakuwa amejivua nguo mbele ya wakwe, na neno lake mjini halitakuwa neno tena. Asiposema, tawi liko pale pale na mama yupo pale pale. Aliogopa, na alijionea haya kwamba kilichomtia hofu zaidi ni kusema.

Mjukuu mmoja akaivuta nyundo kutoka kapuni.

"Hebu tuonyeshe kazi yako," mama mkwe alisema kwa furaha. "Sijawahi kukuona ukiifanya."

Aligonga akiwa amesimama njiani, akipitisha nyundo juu ya uzio. Mara tatu. Sauti nzito, fupi. Wakwe wakapiga makofi, naye akavuta pumzi kidogo.

"Na huko nyuma?"

"Huko hatugongi, mama."

"Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyofundishwa. Unasimama njiani, unagonga mara tatu."

"Sisi wenzenu tulisimama njiani kwa sababu ukivuka unachapwa bakora. Ninyi nani anawazuia?"

Walicheka wote kasoro yeye. Alipita langoni, akatembea barazani mpaka nyuma ya mti, akapiga. Nyundo haikurudi. Ilizama kwenye gome, na mti ukalia kama debe tupu.

Alirudi mbio.

"Mama, inuka."

"Nini tena?"

"Inuka, mama. Mti huu umeoza. Nimekosea mimi."

Akamshika mkono, akamvuta mpaka katikati ya nyasi, magoti ya mama yakigoma kila hatua. Walipofika juani mama mkwe alimtazama usoni.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na wasiwasi. Tangu Ijumaa."

"Na ukaniacha nikae pale tangu saa nne."

"Ndiyo, mama."

Hakumtukana. Aliutoa mkono wake mkononi mwake, taratibu, akaenda kusimama karibu na binti yake. Mkewe alikuwa akikusanya sahani bila kumwangalia.

Alimpigia simu mkuu wa bustani, mzee aliyemfundisha kazi.

"Nani aliupitisha?"

"Mimi. Niligonga upande wa njia."

"Si ndiko tunakogonga?" Mkuu hakuona kosa. "Yote tunagonga huko." Kisha Bwana Miti alimsikia akihema. "Yote," mkuu akarudia, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

Bwana Miti aligeuka. Mstari mzima kando ya mto, chini ya kila mti palikuwa na mkeka, na kwenye kila mkeka watu, wengine wamelala, wengine wananyonyesha. Alianza kukimbia huku akipiga kelele waondoke.

Kwenye mti wa kwanza mwanamume mmoja alikuwa amelala chali, mtoto kamlalia kifuani. Alifumbua jicho moja.

"Punguza sauti, ndugu, utamwamsha," alisema. "Huu umeshapimwa."