Ndoo Chini ya Simu

Saa moja na robo asubuhi mkunga alinawa mikono kwa kikombe kimoja cha maji, kama alivyonawa kila siku: robo ya kulowesha, robo ya kusuuza sabuni, na nusu iliyobaki akaimimina kwenye beseni la kupigia deki. Zahanati ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne, mzani wa watoto na koki ya chuma juu ya sinki. Koki hiyo haikuwa imetoa tone kwa miaka tisa, lakini mfagizi aliifuta kila Jumatatu kwa sababu ilikuwa kwenye orodha ya mali.

Mfagizi huyo ndiye aliyeleta maji. Watu walimwita Ndoo Mbili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona na moja. Alikumbuka vizuri asubuhi ambayo kiwanda cha vinywaji kilileta mafundi wanne na msumeno, wakachimba mbele ya kizingiti, wakakata tawi la bomba lililoingia zahanati, wakaziba, maji yote yakaenda kiwandani. Kazi ilichukua saa mbili. Fundi mmoja aliona kiu, akaomba maji.

"Nikampa, tena kwa kikombe hikihiki," Ndoo Mbili alipenda kusema. "Ujinga wangu huo siusahau."

Bomba kubwa lilibaki palepale chini ya sakafu. Usipozungumza, ulilisikia likinguruma kuelekea kiwandani.

Mwaka wa tisa kiwanda kilitangaza shindano la hisani. Vituo vitano vyenye shida ya maji vingesimulia shida zao mtandaoni, watu wangepiga kura kwenye simu kwa wiki tatu, na kituo cha kwanza kingeunganishiwa maji bure.

"Walitunyang'anya kwa saa mbili," alisema Ndoo Mbili, "wanaturudishia kwa kura."

Mkunga alijaza fomu hivyohivyo. Alikuwa na sababu moja, nayo ilikuwa na tumbo la miezi minane. Mke wa fundi baiskeli alikuwa amejifungulia hapo mara ya kwanza, akapata homa ya uzazi, akalala siku kumi na moja akizungumza na ukuta. Sasa alikuja kupimwa, akapanda kitandani, akashika kiwiko cha mkunga.

"Dada, usinifiche. Safari hii maji yatakuwepo?"

"Tumeingia kwenye kura," alijibu mkunga. Hakuwa na jibu jingine la kweli.

Maelezo aliyotuma yalikuwa mistari mitatu. Zahanati huzalisha wanawake arobaini kwa mwezi. Haina maji. Inaomba maji. Siku ya pili akaja msimamizi wa shindano, kijana mwenye fulana ya kiwanda na kitambulisho shingoni.

"Mama, hii ni taarifa. Hadithi iko wapi? Msomaji lazima kimchome kitu."

"Akisikia wodi ya wazazi haina maji, hakimchomi?"

"Hicho wameshakizoea, mama yangu."

Adhuhuri hiyo mkunga aliketi kwenye benchi kusoma wenzake wameandika nini. Kulikuwa na shule ya wasioona, nyumba ya wazee, kituo cha yatima na zizi la punda waliostaafu. Alipofika kwa yatima aliyemwekea marehemu mama yake sahani kila jioni, simu ilianza kutoa maji chini, pale penye tundu la chaji. Alidhani ni jasho la kiganja. Akaifuta, akaendelea, maji yakaendelea. Ndoo Mbili aliyekuwa akipita na ufagio alisimama, akatazama, akasukuma ndoo kwa mguu mpaka chini ya simu.

"Soma, mama. Polepole, na usiruke mstari."

Mji mzima simu zilivuja wiki ile. Wenye haraka walizifunga kwa leso. Mafundi wa simu walizifungua, wakazikuta kavu ndani, wakawaambia wateja kwamba simu ni nzima, tatizo ni hadithi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwahi kuweka ndoo mapema.

Zahanati ilijipangia utaratibu. Shule ya wasioona ilitoa lita mbili kwa msomaji mmoja. Nyumba ya wazee ilitoa tatu ikisomwa kwa sauti. Punda walitoa sita, hata kwa mtu aliyesoma akiwa anatafuna. Hadithi yao ilikuwa na picha ya punda mmoja aliyevuta mkokoteni wa kiwanda miaka kumi na minne, na sasa anasimama getini kila asubuhi akingoja kufungwa hatamu.

"Na mimi nasimama getini kila asubuhi," alisema Ndoo Mbili, akikamua simu ya mwisho. "Tatizo langu masikio mafupi."

Maji yalikuwa na chumvi kidogo. Yalifaa kwa deki na mashuka. Kwenye vidonda yaliwasha, na akina mama wakalalamika, kwa hiyo ya kuoshea watoto bado yalitoka kwenye ndoo mbili za mfagizi, kisima cha mbali, safari tano kwa siku. Hadithi ya zahanati yenyewe haikutoa kitu. Mkunga aliisoma mara nne juu ya kikombe, kikombe kikabaki kikavu. Kwenye orodha ya kura walikuwa wa tano.

Siku tatu kabla ya kura kufungwa, fundi baiskeli alikuja na mikono yake yenye grisi, akasimama mlangoni asiichafue wodi.

"Dada, iandike upya. Andika mke wangu amekufa."

"Hajafa."

"Najua hajafa, nimemwacha nyumbani ananigombeza. Wewe andika tu. Akifa kwenye simu, atapona huku."

Mkunga aliishika simu. Aliandika neno moja, akalifuta. Alisema hawezi kumwandikia kifo mtu ambaye bado anahesabu siku zake za kujifungua, na kwamba ukweli ulipaswa kutosha. Fundi baiskeli alitazama ile koki ya chuma iliyong'aa, akaenda zake.

Punda walishinda. Wiki hiyohiyo mafundi wanne walichimba, wakawaunganishia maji. Kazi ilichukua saa mbili.

Siku sita baadaye mke wa fundi baiskeli alijifungua saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, sauti kubwa. Damu ilikuwa nyingi. Ndoo za kisima zilikwisha, na Ndoo Mbili alikuwa njiani na safari ya tatu, kwa hiyo mkunga alinawa kwa maji ya yatima na kusafisha kwa maji ya punda. Siku ya tatu homa ikaja. Iliingia bila kuuliza njia, kwa maana nyumba ilikuwa inaijua, ikaenda moja kwa moja kitanda cha pili. Siku ya tano mgonjwa alimuuliza mkunga kura zimefikia wapi. Mkunga alimwambia wanaongoza. Jioni akafa.

Juma lililofuata msimamizi alileta kifuta jasho kwa vituo vilivyoshindwa: tangi jeusi la lita elfu moja lenye nembo ya kiwanda, tupu. Alisaidia kulisimamisha kando ya ukuta, akapiga picha tatu, akauliza kama mwakani wataingia tena.

Fundi baiskeli alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kanga ya mama yake. Aliinua kichwa.

"Sasa andika," alimwambia mkunga.

Akaandika mistari minne, bila kupamba. Kabla hajamaliza wa tatu simu ikafunguka. Ndoo Mbili alisogeza ndoo ya kwanza, ikajaa. Akasogeza ya pili, ikajaa. Kisha wakaibeba simu hadi kwenye mdomo wa tangi, wakaifunga kwa kamba na kuiacha. Saa sita mchana tangi lilikuwa limejaa pomoni. Msimamizi aligonga ubavu wake kwa vidole, akasikia limeshiba, akaandika kwenye karatasi yake kwamba zahanati ina maji ya kutosha na hivyo haina sifa ya kuingia shindano la mwakani. Alitia sahihi na kuomba maji ya kunywa. Ndoo Mbili alimwambia kikombe kimevunjika.

Alfajiri iliyofuata mkunga alisimama kando ya tangi, akafungua koki yake, akanawa mikono yote miwili mpaka viwikoni bila kupima, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Chumvi iliingia kwenye mipasuko ya vidole vyake. Mama mwingine alikuwa ameshalazwa kitanda cha pili, uchungu umemkaba, akamwona Ndoo Mbili akiingia na beseni.

"Haya maji ya wapi?" aliuliza.

"Ya mwenzako," alisema Ndoo Mbili, akaliweka beseni chini.

Mama yule alinyamaza, na wodi ikanyamaza. Chini ya sakafu bomba lilikuwa likinguruma kuelekea kiwandani.