Kurasa za Nyuma

Msimamizi wetu nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, enzi hizo hajui hata kumjibu mteja aliyenuna. Leo ananiita bibi kizee mbele za watu.

Kampuni yetu inauza majokofu na kuyatengeneza. Mimi najibu barua za malalamiko. Mkurugenzi aliamua kila Ijumaa tuijaribu akili bandia kwenye kazi zetu, kila mtu aandike daftarini alichojaribu. Atakayefanya vizuri angewafundisha wenzake wa matawi yote. Msimamizi akanicheka, akasema mambo hayo ni ya vijana, tena jina langu limo kwenye orodha ya watakaopunguzwa. Miaka kumi na tisa nimekalia kiti kile! Roho iliniuma, jamani.

Nikajaribu Ijumaa saba mfululizo. Yaliyofaulu niliyaandika kuanzia ukurasa wa kwanza. Yaliyoharibika nilianzia nyuma, daftari nimeligeuza, ndivyo nilivyozoea. Ijumaa ya nane nikamfuma msimamizi analipiga picha daftari langu kwa simu yake, kurasa za mbele tu. Nikajifanya sijaona. Tangu siku hiyo nikawa naliacha mezani wazi kabisa, ashibe.

Siku ya kumwonyesha mkurugenzi tulichojifunza, msimamizi akaja na shati jipya, akaisomea mashine maagizo yangu neno kwa neno na kuyaita yake. Mkurugenzi akampa barua iliyoingia asubuhi ile: jokofu la mteja linatoa moshi. Akailisha mashine, ikatoa jibu tamu, pole nyingi, fundi atafika baada ya siku nne.

"Moshi unatoka, nawe unamwambia asubiri siku nne?" mkurugenzi akauliza. "Hata kuchomoa waya hujamwambia?"

Akanigeukia mimi. "Mama, nisaidie."

Nikamwacha aive kidogo; sioni haya kusema nilifurahi. Kisha nikaligeuza daftari na kusoma kosa la Ijumaa ya tatu: barua za moshi, cheche na shoti mashine isijibu peke yake, mteja apigiwe simu kwanza. Mteja huyu nilikuwa nimeshampigia tangu asubuhi, na waya alishachomoa. Barua ile niliifungua mimi, na mimi ndiye niliyempelekea mkurugenzi.

Sasa nazunguka matawini nikifundisha. Somo la kwanza, mtu anasimama kusoma makosa kwa sauti. Kwenye tawi letu nilimwita msimamizi, nikamkabidhi daftari langu. Akalifungua ukurasa wa kwanza.

"Anzia nyuma, mwanangu," nikamwambia.