Panya wa Kopo la Sukari

Sukari ilikuwa inayeyuka kabatini, na aliyepiga kelele zaidi ni mama mkwe. "Panya hao! Tega gundi, mwanangu." Yeye mwenyewe ana kisukari, chai yake huinywa bila sukari, kwa hiyo hakuna aliyemshuku. Daktari aliagiza akaguliwe nyayo kila siku, maana kisukari hutia miguu ganzi, lakini bibi wa watu hataki hata kuguswa soksi. "Mimi si mtoto mchanga!"

Basi mkamwana wake, msusi wa saluni, akaweka kibao cha gundi chini ya kabati la jikoni.

Asubuhi akakuta kibao kimepinduka pembeni. Panya hayupo, ila sakafu ina madoa ya gundi, na mlango wa kabati nao umeachwa wazi. Panya gani huyu anayefungua kabati?

Akapiga magoti. Maji ya moto na sabuni yakamtoa jasho bure. Gundi ilivutika nyuzinyuzi ikamganda vidoleni. Ndipo akajicheka. Saluni kila siku anabandua nywele za bandia kwa mafuta, leo kwake amejisahau! Akalowesha doa la kwanza kwa mafuta ya kupikia, akaliacha lilainike, akalikwangua kwa kadi ya plastiki. Likatoka lote. Akafuta kwa sabuni, akasogea kwenye la pili, udadisi umempanda kichwani. Madoa yalitoka jikoni, yakakata kona, yakaishia mlangoni kwa mama mkwe.

Alimkuta kitandani, amejifunika miguu.

"Mama, panya nimemwona."

"Mkubwa?"

"Ana mvi."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoa mguu nje ya shuka. "Haya, nimenaswa. Nilikwenda peku nisisikike. Mume wako asijue."

Kisigino kilikuwa kimeganda gundi na vumbi. Msusi, naye akicheka, alikipaka mafuta akasugua polepole kwa kidole gumba. Gundi ilipoachia, kidole kikagusa kitu kigumu. Ilikuwa sindano yake ya kushonea nywele, iliyompotea wiki iliyopita, imevunjika, nusu imezama kisiginoni. Ngozi kando yake ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi.

Kicheko kikamkauka. Akaibana kwa kucha, akaivuta. Damu ikafuata.

"Inauma, mama?"

Mama mkwe alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka.

"Nini?"