Kura Iko Nyumbani

Philister Were alikuwa na vidole vilivyojua kazi kuliko yeye mwenyewe. Akishika kichwa cha mteja pale Kenyatta Market, vidole huanza kusuka, nayo akili yake huinuka taratibu, ikapita juu ya moshi wa nyama choma, ikavuka mabati, ikaenda zake. Wasusi wenzake walikwisha kumzoea. Mteja akimwuliza jambo asijibiwe, Veronicah wa kiti cha jirani humwambia, "Mngoje kidogo, Mama Quincy bado hajarudi."

Oktoba hii alikuwa akienda mahali pamoja tu, kwenye foleni. Ilianza kama ndoto ya usingizini, kisha ikamzoea, ikawa inamjia hata mchana kweupe mikono ikiwa kazini. Foleni yenyewe ilitoka kwenye lango la shule ya msingi ya kwao Samia, kule Busia, ikapinda kwenye mihogo ya watu, ikashuka, ikapanda, na bila kueleza ilivyofika ikawa imefika Nairobi, chini ya mijakaranda inayomwaga maua ya zambarau barabarani. Watu walisimama kimya na vitambulisho mkononi. Mbele kabisa, ndani ya ovaroli yake ya buluu ya kazi ya mabomba, alisimama marehemu mumewe, Jackton. Foleni ilisogea, Philister naye akasogea, lakini watu waliokuwa kati yao hawakupungua hata mmoja. Alitaka kumwita. Akakumbuka kwamba kwenye foleni ya kura watu hawapigi kelele, akanyamaza.

"Auntie, unanivuta," mteja alilalamika.

"Pole, mami. Inamisha kichwa kidogo."

Aliyeyaamsha mambo haya ni Veronicah. Wiki mbili nyuma alikuwa amewaongoza wasusi kwenda kwa mwakilishi wadi, yaani MCA, kuomba paa, maana mvua ikinyesha upande ule wa soko, mteja husukwa akiwa ameshikiliwa mwavuli. Mwakilishi hakuwepo, kama ilivyo kawaida ya wawakilishi. Aliyekuwepo ni msaidizi wake, bwana mmoja wa shati lililopigwa pasi likasimama, na wala hakuuliza habari za paa. Aliuliza ni wangapi kati yao wanapigia kura katika wadi ile. Wakaanza kutazamana na kuhesabiana. Wasusi kumi na tisa, kura sita. Zilizobaki zilikuwa Busia, Kakamega, Kitui na Machakos. Bwana yule akatabasamu kwa upole, akawagawia maji ya chupa, nao wakajua mkutano umekwisha.

"Mnaishi hapa, mnaugua hapa, mnanyeshewa hapa," Veronicah alifoka njia nzima ya kurudi, "halafu kura mnapelekea MCA wa ushago mwenye hata hajui mnalala wapi."

Wengine walicheka. Philister hakucheka, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema miaka ishirini na mitatu ya ndoa, tena kwa ukali kumshinda Veronicah, akimwambia Jackton. Kila uchaguzi ulipokaribia walikunja nguo mbili tatu, wakapanda basi la usiku kwenda Samia, wakapiga kura, wakarudi na kuku. Philister alimwuliza mumewe ni MCA yupi wa Samia atakayewazolea taka Nairobi. Akamwuliza kama wanakunywa maji ya huko. Jackton, ambaye alikuwa fundi wa mabomba katika maghorofa ya Parklands, na ambaye maji aliyajua vizuri sana, alimsikiliza hadi mwisho, akapangusa spana yake, akasema, "Mtu hupiga kura mahali atazikwa." Hapo mjadala ulifungwa mpaka miaka mingine mitano.

Kisha Jackton akafa, Aprili ya mwaka wa uchaguzi, miezi minne kabla ya kura. Ubishi wote ukamwishia Philister mdomoni. Angebishana na nani? Agosti ilipofika akapanda basi peke yake, akaenda Samia kupiga kura alikopenda mumewe, kwa ajili ya mumewe. Orodha ya wapiga kura ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa darasa. Akaliona jina lake. Akalitafuta la Jackton juu yake, chini yake, ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu. Halikuwepo. Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka, na tayari kulikuwa na mtu aliyekimbia kumfuta.

Alijua ni nani, au alidhani anajua. Shemeji yake Shem alikuwa mzee wa kijiji, mtu wa kupeleka karatasi kwa chifu. Philister alimkuta nyumbani kwake akinywa uji, akamwambia mambo ambayo mwanamke hamwambii shemeji yake. Shem aliapa kwamba hakupeleka jina la ndugu yake popote. Hakuaminiwa. Tangu siku hiyo wanasalimiana matangani tu, tena kwa vidole.

Sasa watu walikuwa wakiandikishwa tena kwa uchaguzi wa 2027, na Philister amekwama. Akiihamishia kura yake hapa, wasusi watakuwa na kura ya saba, na pengine wengine watamfuata, na bwana yule wa shati la pasi atatafuta kalamu. Lakini atakuwa amemwacha Jackton. Jina lake kule lilikwisha kufutwa; kilichobaki ni ule msimamo wake, na sasa yeye mkewe ndiye angeufuta huo nao. Aliogopa kwelikweli. Usiku alilia kwa jambo ambalo angemweleza mtu, mtu huyo angemcheka.

Jumanne alienda Ngara kununua nywele za kusukia kwa bei ya jumla, na nje ya duka akakuta hema la waandikishaji. Akapanga laini bila kuamua, mfuko wa nywele kichwani. Zamu yake ilipofika, karani akamwuliza kama amewahi kujiandikisha.

"Nilijiandikisha Samia. Lakini nilikuwa nauliza, siwezi kuwa na mbili? Moja hapa, moja kule?"

Karani alimwangalia aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Hapana mathe. Ukijiandikisha mara mbili ni kosa, unaweza shtakiwa. Wewe unataka transfa. Enda ofisi ya tume ya eneo bunge lenye unataka kuhamia. Enda mwenyewe, usitume mtu, na ubebe ID yenyewe, si kopi. Hakuna pesa utaitishwa."

"Na nikihama, ya kule inaenda wapi?"

"Inakuja na wewe."

Jibu hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Inakuja na wewe. Alilala nalo, akaota foleni tena, na safari hii watu waliokuwa kati yake na Jackton walikuwa wamebeba nywele za kusukia, rangi zote, wakimwuliza bei.

Kesho yake asubuhi akamwambia Veronicah amshikie wateja. Akachukua bahasha ya kaki yenye karatasi zote za maisha yake, vyeti vya watoto, cha ndoa, cha kifo, kadi ya kliniki ya mwanawe Quincy ambaye sasa ana ndevu, maana katika ofisi za Nairobi huwezi kujua utarudishwa kwa karatasi gani. Akaenda.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha kubwa, na jua la saa nne lilikuwa limejaa ndani. Karani wa pale aliitwa Kavindu, mama wa makamo mwenye sweta ya kijivu, anayeongea taratibu. Alimpa fomu na kumwonyesha pa kujaza: jina, namba ya kitambulisho, kituo cha sasa, kituo anachohamia.

"Unataka kituo gani, mama?"

"Ile shule iko nyuma ya soko. Kenyatta Market."

Akajaza jina. Akajaza namba. Akaandika kituo cha sasa, na hapo kalamu ikakataa kwenda mbele. Akaiweka chini.

"Madam, kuna kitu inanisumbua. Kule Samia ndiko bwana yangu alikuwa anapiga. Alikufa, na hata hajamaliza miezi minne wakamtoa kwa orodha. Sasa mimi pia nikitoka, ni kama hatukuwahi kuwa huko."

Kavindu hakumharakisha. "Mtu hatolewi hivyo tu," alisema. "Lazima kuwe na mwenye amepeleka karatasi. Namba ya ID yake unayo?"

Philister aliijua kwa moyo. Alikuwa ameijaza kwenye fomu za hospitali mara nyingi mno. Kavindu akaipiga kwenye kompyuta, kidole baada ya kidole, kisha akakaa akisoma, akasogeza miwani, akasoma tena.

"Huyu hajafutwa."

"Mimi nilitafuta jina yake, madam. Haikuwa."

"Haikuwa Samia. Iko hapa." Akaigeuza kompyuta ili naye aone. "Jackton Wandera Were. Alihamisha kura Januari twenty twenty-two. Kituo ni hiyo shule yako ya nyuma ya soko."

Philister alisoma. Herufi zilikuwa wazi, lakini jua lilikuwa jingi mle chumbani, na kwa kitambo hakuwa na hakika kama ameamka au bado. Akaligusa jina kwa kidole. Kioo kilikuwa na joto.

Januari. Aliikumbuka Januari ile. Siku moja Jackton alisema anaenda Parklands kuzibua bomba la Mhindi fulani, akarudi jioni viatu vikiwa safi. Usiku wakati wa ugali akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Hiyo shule nyuma ya soko yenu, siku ya kura watu hupitia geti gani?" Philister akamjibu, "Unauliza ya nini na wewe ni wa Samia?" Jackton akacheka kidogo, akaendelea kula.

Ndivyo alivyokuwa akishindwa hoja, mtu yule. Humsikii akikubali. Unaamka tu asubuhi unakuta mfereji uliopigia kelele mwaka mzima umetengenezwa. Bila shaka alitaka Agosti ifike, mkewe aanze kukunja nguo za safari, naye amwambie wewe nenda, mimi napigia hapa. Alitaka kuuona uso wake. Hakujua kwamba Agosti haimngojei.

Na Agosti hiyo mkewe alipanda basi usiku kucha kumfuata Samia, na yeye yuko hapa, nyuma ya soko, mwendo wa dakika tano kutoka kwenye kiti chake cha kusukia.

"Mjinga wewe," Philister alisema polepole. Alifurahi, na alikasirika, na vyote viwili vilimtoka machoni kwa njia moja. Kisha akamkumbuka Shem na uji wake, akajifunika uso kwa viganja. "Nimemkosea mtu, madam. Miaka mitatu nimemkosea mtu."

Kavindu alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa anachotaka kusema:

"Mama, sasa vile nimejua ameaga, siwezi acha jina yake ikae hivyo. Mtu mbaya anaweza itumia. Ukiwa na cheti cha kifo, tunaweza maliza leo."

Philister alijifuta macho. Hakubisha. Hakutaka kumwona mtu mwingine siku ya kura akiingia kwa jina la Jackton, na ile ovaroli hana. Akafungua bahasha, akapita vyeti vya watoto, akakitoa cheti, akakilaza juu ya meza kando ya fomu yake. Karatasi mbili zikawa pamoja kwenye jua. Akachukua kalamu, akajaza kituo anachohamia, akatia sahihi.

Kavindu alikivuta cheti. "Wacha nianze na hii, ni fupi."

Philister akaweka mkono juu ya cheti.

"Anza na yangu."

"Haina tofauti, mama. Zote zitaenda pamoja, na zitachukua siku kadhaa."

"Najua, madam. Lakini hapa mezani, anza na yangu. Tumebishana juu ya hii maneno miaka ishirini na mitatu. Wacha tukae wadi moja, hata kama ni dakika tano."

Kavindu akakichukua cheti cha kifo, akakisogeza mpaka mwisho wa meza, mbali, na juu yake akaweka kikombe chake cha chai. Akaivuta fomu ya Philister, akachukua kitambulisho, akaanza kuingiza jina lake, herufi moja moja, bila haraka yoyote, ingawa watu waliopanga foleni nje ya mlango walikuwa wameanza kunung'unika.