Daraja la Kima

...akamsalimie tu, kasema Nassor mume wangu, na mikono yake bado imenyooka juu ya sahani ya pilau, anataka nimpe mtoto ampeleke akamsalimie baba yake mkubwa, na mimi nimeganda kwenye hilo neno tu, maana Dullah ameingia sasa hivi, ametoka soko la Shiling na mifuko yake ya sampuli za mikoba, amekaa meza ya mlangoni na ametupa mgongo, mwezi mzima hajasema na Nassor, mdogo wake wa tumbo moja, tangu siku ile nilipokataa, na nilikataa kistaarabu kabisa, nikasema Sihaba atalelewa hapa Guangzhou na mimi mamake, hapelekwi Unguja kwa Mwanakhamis, ingawa Mwanakhamis ni mke wa Dullah na ni mtu mwema na hakujaaliwa mtoto, wote wakaniona nina roho mbaya, mwanamke gani huyu anayeshinda akitazama kima... kima wangu wa mlimani, ndiyo, hiyo ndiyo kazi iliyonileta chuo kikuu hapa, kuangalia wanavyoishi wao kwa wao, nani anamtoa nani chawa, nani anampisha nani, na zaidi ya yote lile jambo la madume, dume mdogo akitaka kumkaribia mkubwa wake haendi mikono mitupu, ataumwa, kwa hiyo humchukua mtoto aliye karibu, akamtanguliza, wakamnyanyua wote wawili, mmoja huku mmoja kule, huku wakigonganisha meno kwa furaha, na ugomvi umekwisha, profesa wangu akataka kujua kwa lugha yetu ningeliitaje, nikamwambia daraja, kitu cha kuvukia mto, nikasahau kumwambia kuwa daraja pia ni cheo, nani juu na nani chini, kwetu neno ni hilo hilo moja... “Mama Sihaba,” anasema Nassor kwa sauti ya chini, “kaka anatutazama,” lakini Dullah hatutazami, anamtazama msichana wa hoteli anayempangusia meza na kumwita laoban, kama wanavyoitwa mabosi wote hapa Sanyuanli, sisi tulipoingia meza tulijipangusia wenyewe, na Nassor ana uchungu, namwona, kaka ndiye aliyemfundisha kuchagua vitambaa soko la Zhongda, ndiye aliyemwozesha, namhurumia mume wangu, na jambo lenyewe najua litafaulu, nimeliona mara nyingi mno, ningeweza kumwambia hapa hapa litakavyokwenda, atamnyanyua mtoto, Dullah atageuka, atanyoosha mikono, watacheka, watakaa meza moja, kisha... kisha mtoto hurudi kwa mamake, bila shaka hurudi, lakini hurudi vipi, humrudisha nani, yule dume mdogo, au mama huja kumchukua mwenyewe, najaribu kukumbuka hata mkanda mmoja, sina, kwa sababu madume wakishaachana mimi nilikuwa nazima kamera, tukio limekwisha, na mama sikumpiga picha hata siku moja, alikuwa pembeni huko, nyuma ya mti, sijui alikuwa amekaa au amesimama, sijui uso wake ulikuwaje, miaka yote hii najiita mtu wa kuangalia kima... na naogopa, naogopa kweli, na Sihaba ndiyo kwanza anajipinda kumwendea babake, anacheka, soksi moja imemvuka, namvalisha taratibu, naivuta mpaka juu ya kifundo, na chini ya meza miguu yangu inatafuta viatu, akienda yeye naenda na mimi, nitasimama pale pale katikati yao, kiti nikipewa sikikalii, wacheke, wapatane, wanione nina roho mbaya mara ya pili, mpaka nimchukue kwa mikono yangu... “Akamsalimie tu,” anasema tena Nassor, mikono imenyooka juu ya pilau, na mimi bado nimemshika.